Duka la vitu vya kale, Mji wa Kale: maganda ya mizinga ni ya kweli, vibandiko ndivyo vyenye chumvi

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne, lakini moja imekwenda na ile mashine yao ya kung'arishia. Nitaifikia.

Duka liko Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro ambacho bodaboda hapiti ila kwa ubishi. Jina nimeliacha kusudi. Mwenyewe ameniahidi kubadilisha vibandiko kabla ya Ramadhani, nami nimemwambia akibadilisha nitarudi niliandike jina lake kwa herufi kubwa. Kwa leo nawaeleza nilichokishika mkononi tu.

Kwanza mnijue, msije mkadhani ni mjuzi wa vita. Mimi ni fundi mkereza, nimestaafu. Miaka 31 nimesimama mbele ya mashine, na shaba imepita mikononi mwangu kuliko unga. Nilikwenda pale kutafuta kengele. Shule niliyosomea, kule Mwatate, kengele yake ilikuwa ganda la mzinga, kile kikombe cha shaba kinachobeba baruti nyuma ya kombora, lililotundikwa kwenye tawi la mwembe, mdomo chini, kamba imepita kwenye tundu la kitako, na kigongeo chake bolti ya reli. Lile ganda liliibwa zamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu ndio wanaojua lilikoishia. Sasa mjukuu wangu anasoma chekechea ambayo mwalimu anaita watoto kwa filimbi ya refa. Nikasema hapana, hapa nitaingilia kati.

Dukani utakuta makasha ya njumu, birika za Kiomani, vitasa vya milango, saa za ukutani ambazo kila moja inaamini saa yake. Maganda yalikuwa saba siku niliyofika, sita kwenye rafu ya juu dirishani na moja sakafuni, yanametameta hadi unajiona meno. Kila moja lina kibandiko cha karatasi. Kubwa kwa bei lilikuwa limeandikwa KONIGSBERG 1914, shilingi elfu kumi na nane.

"Ami, hilo ni la ile manowari ya Wajerumani iliyozama Rufiji," kijana wa duka akaniambia. "Mombasa nzima ni hilo moja."

"Umelijuaje, mwanangu?"

"Mwenye duka ndiye aliyesema."

"Haya, lipindue."

Akaniangalia kama nimemwambia apindue duka. Hakuwahi kulitazama kitako. Na kwa ganda la mzinga, kitako ndicho cheti cha kuzaliwa. Mwili mzima ni shaba tupu isiyosema neno. Maneno yote yamepigwa mhuri pale chini, kuzunguka tundu la fataki, kile kiwashio cha baruti.

Herufi zilikuwa zimefifia. Nilitoa venia (kile kipimo cha upana), tochi, karatasi nyembamba na kalamu ya risasi. Ndiyo, ganda la mzinga husomwa kwa kalamu ya risasi: unalaza karatasi juu ya kitako, unapaka polepole kwa ubavu wa kalamu, na mhuri unatoka mweupe kwenye weusi, hata ule ambao jicho limeshindwa. Tochi nayo usiimulike kutoka juu. Ilaze ubavuni, mwanga upite chini chini kama jua la saa kumi na mbili, vivuli vitakuonyesha kilipo chuma na kilipo shimo.

Ikatoka hivi. Juu, kwa duara: PATRONENFABRIK KARLSRUHE. Chini yake mwaka, 1917. Pembeni Sp na namba, na mihuri midogo ya taji ya wakaguzi. Patronenfabrik ni kiwanda cha risasi na baruti, Karlsruhe ni mji wa Ujerumani. Kwa hiyo Mjerumani ni Mjerumani kweli, hapo kibandiko hakikudanganya. Nikaingiza venia mdomoni: milimita 77.

Nikamwambia kijana, hebu tuhesabu pamoja. Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wenyewe wakailipua meli yao. Ganda la 1917 lingeingiaje kwenye meli iliyokwisha kulala matopeni miaka miwili nyuma?

Kijana si mjinga. Akanijibu papo hapo: "Lakini Ami, mizinga yake si waliitoa wakaendelea kupigana nayo nchi kavu?"

Jibu zuri, na ni kweli. Walitoa mizinga yote kumi, wakaiwekea magurudumu, wakazunguka nayo Tanganyika. Mmoja uko hapo hapo Fort Jesus, kutoka dukani unafika kabla chai haijapoa. Lakini ile mizinga ni ya milimita 105, siyo 77. Ganda lake ni pana kuliko hili na refu zaidi ya mara mbili, kitu cha kukumbatia, si cha kuwekea maua. Na hata tukisahau upana, bado kuna ule mwaka. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilipata shehena mbili tu kutoka kwao kwa bahari: meli Rubens iliyofika ghuba ya Manza Aprili 1915, na Marie iliyofika Sudi Machi 1916. Baada ya hapo hakikuingia kitu. Walijaribu kwa ndege kubwa ya gesi, L 59, Novemba 1917, ikageuzwa ikiwa imefika anga ya Sudan. Basi ganda lililopigwa mhuri Karlsruhe mwaka 1917 halikufyatuliwa Afrika Mashariki na Mjerumani yeyote. Hili lililia Ulaya, likaja huku baadaye ndani ya sanduku la mtu, kama pambo.

Na hata siku utakayokutana na la milimita 105, usiruke juu. Marie ilileta pia mizinga minne ya aina ya hawiza, mifupi ya kurusha kombora juu, ya upana huo huo, ambayo ganda lake ni fupi kama sufuria. La jeshi la majini utalitambua kwa mhuri wa taji lenye herufi M chini yake. Jina la meli halipigwi kitakoni. Ukiliona limeandikwa pale, jua aliyeandika anauza.

Kijana alikichomoa kile kibandiko mwenyewe, akakitia mfukoni. Hapo nikampa nyota ya kwanza.

Tukashusha mengine. Mawili yalikuwa pacha, yameandikwa "Vazi za Kiingereza", elfu tisa na mia tano kila moja. Haya yalinifurahisha kuliko yote. Kitakoni pana 18 PR. Kina sisi tuliozoea milimita hapa hupotea: Mwingereza wa wakati ule mzinga kama huu hakuuita kwa upana wa mdomo, aliuita kwa uzito wa kombora. PR ni ratili. Mzinga wa ratili kumi na nane, kombora lake kama kilo nane na nusu, na mdomo wa ganda unapima milimita 84. Mjerumani na Mfaransa wao walihesabu upana. Kwa hiyo ukiona namba kitakoni usikimbilie kuitafsiri. Uliza kwanza ni ya nani.

Kwenye moja pana RL, yaani karakana ya serikali ya Woolwich, London. Kwenye la pili EOC, kiwanda cha Elswick, kaskazini mwa Uingereza. Yote mawili yana ile alama ya serikali yao, mistari mitatu inayokutana mahali pamoja. Waingereza huiita mshale. Kwa jicho la mtu aliyefuga, ni unyayo wa kuku aliyekanyaga saruji mbichi. Ukiuona, mali hiyo ilikuwa ya Mfalme. Halafu kuna CF, maana yake ganda lilitiwa kordaiti, ile baruti isiyo moshi, kipimo kizima.

Lile la RL lilikuwa na CF zaidi ya moja, na namba za shehena zimepandana, nyingine zimepigwa mstari. Kijana akadhani ni makosa ya kiwandani. Sivyo. Ganda likifyatuliwa halikutupwa. Liliokotwa, likarudishwa nyuma, likasafishwa, likanyooshwa mdomo, likatiwa fataki mpya na baruti mpya, likapigwa mhuri mwingine na kurudishwa vitani. Kila safari imeandikwa pale. Nilikaa na lile ganda mapajani kwa muda mrefu nikihesabu safari zake. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi katika jeshi la wabeba mizigo, Carrier Corps, lile lililoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Hakuandikwa mahali popote kwamba alikwenda na kurudi mara ngapi. Ganda wameliandika.

Haya, tuendelee. La nne lilikuwa limebonyezwa kiunoni likawa na mikunjo kama marinda ya sketi, na ubavuni limechorwa majani na neno VERDUN. Kibandiko: "Shaba ya Kihindi". Masikini. Kitakoni limesema lenyewe: 75 DE C, yaani 75 de campagne, mzinga maarufu wa Wafaransa wa uwanja wa vita, na herufi PDPs, mhuri wa Paris, na 17 ya mwaka. Michoro ya namna hii walifanya askari wenyewe na mafundi wa mijini nyuma ya mstari wa vita, kwa nyundo na msumari, wakauza au wakapeleka nyumbani. Kile kiuno chenye marinda, kama hujawahi kufanya kazi ya shaba utakiona kitu cha urembo tu. Mimi niliona mtu amelipasha ganda moto likalainika, akalibonyeza mkunjo mmoja mmoja, na mahali pamoja mkono wake ukateleza: mkunjo wa saba ni mwembamba kuliko wenzake. Bei elfu sita. Ni kitu cha thamani kuliko vyote pale na ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Sikulichukua, halina mlio, marinda yameua sauti. Atakayewahi atashukuru.

La tano lilikuwa la uongo kabisa, na hapa sikuhitaji hata kusoma. Ganda halisi hutengenezwa kutoka kwenye sahani moja nene ya shaba, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, inayovutwa hatua kwa hatua mpaka inakuwa kikombe kirefu. Kwa hiyo halina mshono popote, na ukuta wake ni mwembamba mdomoni, unanenepa kadiri unavyoshuka. Hili lilikuwa na mstari wa kulehemu kutoka juu hadi chini, ukuta unene mmoja, na kitako kimemiminwa kwenye mchanga, vijitundu vya hewa vimejaa. Mwaka kitakoni ulikuwa 1914, herufi zote za ukubwa mmoja zimekaa sawasawa kama nembo ya soda. Mihuri ya kweli hupigwa kwa mikono tofauti siku tofauti: moja imezama, nyingine imeinama, nyingine imepigwa mara mbili. Palipo na unadhifu kupita kiasi, shuku. Mwenye duka, aliyekuwa amekwisha fika kwa wakati huu akiwa na birika la kahawa, alikiri alilinunua katika rundo na hakulipenda tangu siku ya kwanza. Lipo bado rafuni, ila sasa linaitwa "chombo cha maua", na hilo ni kweli kabisa.

La sita tuliache, lilikuwa limetobolewa mashimo ubavuni na kugeuzwa taa, kitako kimekatwa. Cheti kimechanwa, sina la kusema.

La saba ndilo lililonikausha mate. Lilikuwa sakafuni karibu na mlango, refu kama sentimita 67, wameweka miavuli ndani. Kitakoni 3.7 IN, yaani inchi, na 1942: ganda la mzinga wa Kiingereza wa kupiga ndege, vita vya pili. Watu wa Mombasa tunajua mwaka ule meli za kivita zilijaa Kilindini, na mwenye duka alitaka sana niseme ganda ni la hapo hapo. Sikusema. Kitako kinakueleza ganda lilizaliwa wapi na lini, hakikwambii lililia wapi.

Lakini si hilo. Nilimulika fataki ya katikati. Fataki iliyofanya kazi ina kidoto, alama ya pini iliyoigonga. Hii ilikuwa laini kama kipaji cha mtoto. Hakuna aliyeigonga tangu 1942.

Nilitoa miavuli taratibu, nikaliweka ganda chini, nikawaambia wote wawili watoke kidogo nje tuzungumze. Ganda lilikuwa tupu, baruti hamna, lakini fataki yenyewe ina baruti yake ndani, na miaka haiipozi. Wakati mwingine inaifanya iwe na hasira zaidi. Na hilo ganda lilikuwa limepitishwa kwenye mashine ya kung'arishia! Gurudumu la kitambaa, mizunguko elfu mbili na zaidi kwa dakika, joto linapanda mpaka shaba haishikiki, na kijana ameinama juu yake. Nilipouliza nani alifanya ile kazi, kijana akainua mkono kama mwanafunzi.

Mwenye duka alinyamaza, kisha akafanya jambo la busara: alifunga mlango wa upande ule na kupiga simu polisi siku ile ile, wala hakuniuliza kama naweza kuichomoa mimi. Watu wengi wangesema, "Wewe si fundi, itoe." Jibu langu lingekuwa hapana. Nimekereza kila kitu, sikerezi fataki. Na kama unasoma hapa na una ganda lenye kombora bado limesimama mdomoni, huko Maktau au Salaita walikopigana, au popote mvua inapofukua, hilo halina usomaji wa kitako. Usiliguse, weka alama mbali nalo, wapigie polisi.

Sasa ile nyota niliyoikata. Wanang'arisha kila kitu. Naelewa kwa nini: mtalii anapenda dhahabu. Lakini gurudumu linakula mhuri kwanza, kwa sababu mhuri ni kingo nyembamba za chuma, na kingo ndizo zinazosagika. Kwenye lile ganda la EOC tarakimu ya mwisho ya mwaka imefutika. Inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 6, karatasi na kalamu vimeshindwa. Ile rangi ya kahawia ya miaka mia moja waliyoiondoa kwa dakika kumi hairudi kwa pesa. Mkitaka kung'arisha, ng'arisheni mwili, kwa ndimu na majivu kama bibi zetu walivyosugua sinia, na kitako mkiache na uchafu wake.

Huduma nyingine sina lawama. Kahawa chungu ililetwa na halua, bila kuhesabiwa kwenye bei. Hawakunisukuma kununua. Risiti wameandika vizuri, na kwa ombi langu wameandika maneno ya kitakoni kama yalivyo badala ya hadithi: "Ganda la mzinga, 18 PR, RL, CF". Hiyo ndiyo risiti ninayoitaka duniani. Bei tulianza elfu tisa na mia tano tukaishia elfu saba na mia mbili. Mwenye duka alisema hilo punguzo ni ada ya somo, nikamwambia basi somo langu umelipata kwa bei ya rejareja.

Kufunga mzigo, hapana. Gazeti moja na kamba ya katani, nikapanda matatu hadi Changamwe nimelipakata kama mtoto mchanga, kondakta ananiuliza bomu, mzee? Nikamwambia kengele. Akanitoza nauli ya mtu mmoja, nashukuru.

Fataki ya ganda langu ilikuwa na kidoto chake kizuri, kimezama katikati kabisa. Hata hivyo sikuitoboa. Nilikata pete ya chuma, nikaizungushia chini ya ukingo wa kitako, nikaipitishia kamba hapo, mhuri wote ukabaki mzima. Jumatatu tumelitundika chekechea. Mlio wake ni mwembamba, unakwenda mbali, watoto wameupenda.

Lile la Mwatate lilikuwa na sauti nzito kuliko hili. Nimelipima kichwani mara nyingi tangu nitoke dukani: upana wake kwa mikono ya mtoto wa darasa la pili, urefu wake kwa tawi la mwembe. Sipati jibu. Lilining'inia mdomo chini miaka yote ile, kitako kikitazama juu, na waliokuwa wanakisoma ni kunguru peke yao.